Mbwa aliyeanza kupoteza uwezo wa kuona

Pole sana, dada, kwa hali ya mbwa wako wa miaka 10 anayegonga milango na kusitasita kushuka ngazi. Kwanza mpeleke kwa daktari wa mifugo, kwa sababu mtoto wa jicho kwa mbwa huweza kuletwa na kisukari, nayo presha ya jicho humuumiza sana na huweza kumpofusha kabisa kwa muda mfupi. Jicho likiwa jekundu au limevimba, usingoje hata kesho.

Nyumbani, usihamishe viti wala meza. Mbwa hutegemea sana pua na masikio, na akishazoea mpangilio wa nyumba hutembea humo bila wasiwasi. Wangu alipopofuka uzeeni nilimwekea kipande cha mkeka mbele ya ngazi ya jikoni, na baada ya siku chache akawa akiukanyaga anasimama, ananyoosha mguu wa mbele kupapasa, ndipo anashuka.

Mwite jina kabla ya kumgusa, hasa akiwa amelala, maana akishtuka anaweza kuuma bila kukusudia. Watoto nao waelezwe hivyo. Bakuli la maji libaki pale pale, shimo la taka lifunikwe, na nje ya geti atembezwe kwa kamba. Tafadhali usimbebe kila anaposita, kwa kuwa akiwekwa chini mahali pengine hupotea. Mwache atafute njia mwenyewe huku ukizungumza naye kwa upole.