Pampu ya bomba la sindano inapunja ujazo? Usikimbilie kununua mota

Mkuu, umesema pampu yenu ya maabara inavuta maji vizuri, ila ukiiambia itoe mililita 1 inatoa pungufu, na fundi kakwambia mota imekufa. Subiri kwanza. Nimezifungua sana hizi mashine, na mota ndiyo niliyoibadilisha mara chache kuliko vyote. Stepa mota, yaani hii mota inayozunguka hatua kwa hatua, ikifa utajua tu: inanguruma, inatetemeka, pistoni haiendi popote.

Tafuta mizani inayosoma miligramu na maji yaliyotoneshwa, yale ya kuongezea betri, siyo asidi yake. Vuta, toa mililita 0.1, pima. Vuta tena, toa 0.5, pima. Halafu 1. Mililita moja ya maji kwa nyuzi 20 ni gramu 0.998, kwa hiyo mizani haitakudanganya. Angalia pungufu linavyokaa.

Kama ni lilelile, utoe kidogo utoe kingi, nati ya kwenye skrubu ndefu inayosukuma pistoni imelika. Skrubu ikigeuza mwelekeo inazunguka bure kwanza, inaziba ule ulegevu, ndipo inaanza kusukuma. Piga hesabu ya bomba langu la mililita 10, kipenyo cha ndani milimita 14.5: nati ikilegea milimita 0.1, unene wa karatasi tu, mikrolita 16 na ushee zimeshapotea. Ukitoa mililita 5 huoni kitu. Ukitoa 0.1 ni balaa.

Kama nati mpya haipatikani, kuna ujanja: vuta zaidi kidogo ya unachohitaji, rudisha tone kwenye chupa, ndipo ugeuze valvu, ile inayochagua njia ya maji, na kutoa. Ulegevu unakuwa umeshalipwa upande wa chupa.

Pungufu likiwa asilimia ileile kila mara, angalia kipenyo ulichoandika kwenye pampu. Mtu kabadilisha bomba, namba kaiacha ya zamani. Basi.

Likiwa halieleweki, leo hivi kesho vile, na linazidi ukifunga mrija mwembamba, kuna mawili. La kwanza ni kapulingi inayounganisha mota na skrubu. Chora mstari wa maka pen upite juu ya shafti na kapulingi, endesha pampu ikiwa na mzigo, kisha tazama. Mstari ukikatika, kaza skrubu yake ndogo kwa alen kii. Mimi nilishabadilisha nati nzima kabla ya kugundua hilo, pesa ikaenda hivyohivyo.

La pili ni valvu ya kuzunguka, ile yenye matundu matatu. Yangu ilikaa na bafa ya chumvi, maji ya maabara yenye chumvi ndani, Ijumaa hadi Jumatatu. Nilipoifungua, kuzunguka shafti kulikuwa na unga mweupe kama sembe, na uso wa tefloni una mikwaruzo ya duara kama sahani ya santuri. Chumvi ikikauka inakuwa msasa. Nami kwa ujuaji wangu nikachukua msasa wa kweli niulainishe. Ikavuja mara mbili ya mwanzo. Uso ule haupigwi msasa, unabadilishwa kile kipande cha tefloni. Na kila mkimaliza kutumia chumvi, pitisheni maji safi matundu yote matatu, siyo la kutolea peke yake.

Pima hizo tatu, ulete namba hapa tuzitazame. Na huyo fundi usimlipe bado.