Sacheti za kahawa zinanimaliza, naweza kuchanganya yangu?

SWALI: Habari zenu hapo. Bwanangu ni soja wa usiku huko Industrial Area na kila jioni lazima nimnunulie zile sacheti za kahawa ziko na maziwa na sukari ndani, mimi nazo nakunywa asubuhi, na mwisho wa mwezi nikipiga hesabu naona pesa imeenda. Nataka kuchanganya yangu nyumbani lakini jirani alijaribu ikashikana kwa mkebe ikawa jiwe. Pia cucu alinitumia kahawa ya kusagwa kutoka Nyeri, naweza kutumia hiyo? – Mama Wambo, Kayole

JIBU: Mama Wambo, tuanze na ya cucu juu hapo ndio wengi huharibu. Kahawa ya kusagwa haiyeyuki, ukiiweka kwa mchanganyiko mzee atakunywa machicha usiku kucha. Hiyo ichemshe kwa sufuria, uchuje, mfurahie Jumapili. Kwa mkebe unataka ile ya kuyeyuka, ambayo ilishapikwa kiwandani maji yakatolewa ikabaki unga.

Sasa pesa. Geuza sacheti usome nyuma: kitu kimetajwa kwanza ndicho kingi kwa uzito, na kwa nyingi utapata ni sukari, halafu krima ambayo mara nyingi ni glukosi na mafuta ya mimea, maziwa halisi kidogo ama hakuna. Yaani unanunua sukari kwa bei ya kahawa! Gawa bei ya sacheti kwa gramu zake, kisha fanya hivyo na kilo ya sukari, utajionea mwenyewe.

Anza na kidogo: robo kikombe ya kahawa ya kuyeyuka, robo tatu ya maziwa ya unga, nusu kikombe ya sukari. Hiyo inatoa kama vikombe 12, kila kimoja vijiko viwili vya meza. Sukari usiiweke ikiwa punje. Isage kwa blenda pamoja na kahawa, kama hauna blenda twanga kwa kinu, juu vitu vikiwa na ukubwa tofauti vinajitenga kwa mkebe na siku moja mzee anapata kikombe kitamu sana na kesho chungu tupu. Maziwa changanya mwisho na mkono. Ukitaka harufu nzuri, toa mbegu za iliki kwa maganda uzitwange na hiyo sukari, ama weka tangawizi ya unga. Mbichi hapana, iko na maji.

Na maji ndio yalimmaliza jirani yako. Kahawa hii na maziwa ya unga vyote vinavuta unyevu, hata ule wa hewa. Blenda ikiwa na joto ama haijakauka vizuri, kijiko kimetoka kuoshwa, ama unachota mkebe ukiwa wazi juu ya kikombe kinatoa mvuke, basi imeisha. Tumia chupa ya jam iliyokauka kabisa, ifunge kabisa, na iwe mbali na jiko. Maziwa nunua pakiti ndogo iliyofungwa, ya kupima hujui imekaa wazi siku ngapi, na siku ukisikia harufu ya mafuta yaliyooza, mwaga yote.

Kutengeneza, weka unga kwa kikombe, ongeza maji moto kidogo, koroga mpaka iwe kama uji mzito, ndio ujaze. Ukimwaga maji yote mara moja maziwa yanafanya madonge, na ukiwa umetia kakao ndio mbaya zaidi.

Kwa bwanako usimpe chupa yote aende nayo kazini. Mpimie ya usiku mmoja kwa kamkebe kadogo kakavu, abebe na thermos ya maji moto. Akisema ni tamu sana punguza sukari hapo kwa chupa, sacheti hungeweza kuipunguza.