Kabla hujauliza samaki, uliza mafuta

Juzi msomaji kanitumia meseji: "Dada, mwezi ujao naenda Zanzibar na mume wangu, ana aleji na kamba, Forodhani tutakula nini?" Nikacheka, halafu nikanyamaza, maana somo hilo mimi nimeshalilipia ada.

Mwaka jana wifi yangu alikuja Dar kutoka Arusha na mimi nikataka nionekane. Nikampeleka sehemu moja ya samaki ufukweni, sitaitaja, viti vya plastiki, upepo, makarai yanachemka, kule ndo samaki wanaliwa jamani siyo mahotelini. Akaniambia mapema, wifi, mimi kamba na kaa sigusi. Nikamwambia ondoa shaka, tunachukua changu. Nikachagua mwenyewe changu wawili wanene, macho yanang'aa, nikasimama palepale wanaparwa magamba, najiona mjuzi kweli. Nilichokiona ila sikukifikiria ni yule kaka kuopoa kamba kwenye karai, kukung'uta chujio, na kutumbukiza changu wetu humohumo. Mafuta yaleyale, meusi kama chai ya rangi.

Hakumaliza hata upande mmoja wa samaki. Akaanza kujikuna viganja, akasema midomo inawasha, mimi nikasema ni pilipili. Pilipili! Hilo neno nimekumbushwa kwenye vikao vya familia sijui mara ngapi. Dakika kama kumi hivi shingo nzima vipele, sauti inakwaruza, koo linabana. Nikaomba piriton kwa mama wa meza ya pili, akameza, haikusaidia kitu, tukapanda bajaji. Hospitali wakamlaza, wakamchoma adrenalini kwenye paja, haikuchukua muda akaanza kuvuta pumzi vizuri, ila wakatubakiza mpaka usiku manake hali hiyo inaweza kurudi mara ya pili. Daktari akanieleza taratibu kama mtoto wa chekechea: protini ya kamba haifi kwa moto, inabaki kwenye mafuta, na piriton inatuliza muwasho tu, koo haifungui.

Mama mkwe alipopiga simu aliuliza kitu kimoja, "Ulikuwa naye wewe?" Mpaka leo kimenikaa hapa kifuani.

Kwa hiyo ndugu zangu, swali la kwanza siyo mna samaki gani. Ni haya mafuta leo mmekaangia nini. Chipsi nazo hivyohivyo, mtu anaagiza chipsi kavu anajiona salama kumbe zimeogelea na kamba. Kwenye jiko la mkaa angalia wavu, angalia na koleo. Pweza na ngisi nao msiwachukulie poa, wapo wenye aleji ya kamba ambao hao pia wanawadhuru. Uliza mafuta. Nyie wa "kidogo tu hakitamdhuru" ndo mnaotuzikia watu.

Sasa Forodhani. Mwezi uliopita wifi mwenyewe kaomba twende, mimi natetemeka. Unajua meza za pale, mishikaki ya pweza, ngisi, kamba, jodari, vyote vimelaliana. Wa kwanza sijamaliza sentensi kashajibu "hamna shida dada, karibu". Wa pili hivyohivyo. Wa tatu, mzee mmoja, kaweka koleo chini, kaangalia meza yake, kaangalia jiko, akamwambia wifi, "Mwanangu, hapa kwangu usile." Huyo ndo nilimwamini. Akatuonyesha mwenye mahindi, jiko lake halijawahi kugusa kitu cha baharini, wifi akala mahindi mawili yamepakwa ndimu na pilipili, akashushia juisi ya miwa. Wali wa samaki tulipika wenyewe tulikofikia, sufuria nimeisugua mara mbili. Mimi pweza wangu nilimla pembeni kabisa, nikanawa kwa sabuni ndo nikarudi kukaa naye.

Mnaweza kusema sasa kwenda Forodhani kula mahindi ndo nini. Wifi alicheka usiku ule mpaka machozi, na mama mkwe nilimtumia picha mimi mwenyewe. Kajibu "sawa". Kwa anayemjua, hiyo ni hotuba.

Dada uliyeniandikia, mume wako kama hajawahi kumwona daktari kuhusu hiyo aleji amwone kabla hamjasafiri, aulizie na adrenalini ya kubeba. Halafu niambie mnafika lini, nikuelekeze kwa mwenye mahindi.