Magamba yametoka, na rangi nayo imetoka

SWALI: Assalaam aleikum fundi. Nina boti ya faiba ya mita 8, inalala majini Nungwi, Unguja, nachukua wageni kwenda kisiwa cha Mnemba. Mwaka huu niliipaka ile rangi nyekundu ya chini ya kuzuia uoto. Wageni walipopungua ikakaa wiki 7 bila kutoka. Tulipoipandisha pwani, chini kulijaa majani na magamba meupe makali. Vijana wakaiacha ikauke siku 2, kisha wakaingia na skrepa za chuma. Magamba yalitoka, lakini na rangi ilitoka mabaka mabaka, kuna mahali naona weupe wa faiba. Safari nyingine nisafisheje? Mwenzangu ananishauri asidi ya betri.

JIBU: Waaleikum salaam nahodha. Asidi ya betri iache kwenye betri. Gamba ni chokaa, na asidi hiyo ikigusa chokaa hufanya ukoko wa jasi juu yake unaoizuia isiendelee kula. Kwa hiyo gamba linabaki, ila ngozi ya vijana wako na vyuma vya boti ndivyo vinavyoungua.

Sasa tuje kwenye skrepa. Ilifanya ubaya, lakini ubaya wenyewe ulianza siku zile 2 za kuanika. Uoto ukiwa bado unachuruzika maji, majani yanatoka kwa sifongo na ukoga unatoka kwa mkono. Ukikauka juani unaganda kama saruji. Boti ikigusa mchanga, kazi ianze hapo hapo kabla ya chai.

Jambo la pili ni umri wa gamba. Kwanza huja ukoga, siku chache tu baada ya kusafisha. Kisha majani, hasa kwenye mstari wa maji ambako jua linafika. Magamba huja yakiwa vidudu visivyoonekana kwa macho. Kila kimoja kikipata mahali kinajigandisha kwa gundi yake na kujenga nyumba ya chokaa palepale. Gamba likiwa kama punje ya ufuta, unalitoa kwa kitambaa na kidole tu. Likifika ukubwa wa punje ya hindi, gundi yake inaishika rangi kwa nguvu kuliko rangi inavyoishika faiba. Ukilivuta, kinachoachia ni kile kilicho dhaifu, nacho ni rangi yako. Hata ungempa kazi fundi mwenye mkono mwepesi kuliko wote hapo Nungwi, kwa magamba ya wiki 7 mahali pengine rangi ingetoka tu.

Kwa hiyo jibu langu kubwa ni kalenda, vifaa vinafuata. Bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, inakuja mara 2 kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na kwenu siku hizo maji hupwa mnamo saa nne asubuhi. Ilaze boti kwenye mchanga mtupu, mbali na mawe, maji yakiwa yanatoka. Mnapata saa kadhaa za kufanya upande mmoja, na wa pili mnaufanya bamvua hiyo hiyo, kesho yake. Ukifanya hivi kila bamvua wakati boti haina safari, skrepa hutaihitaji kabisa.

Kabla ya kugusa, ijue rangi yako. Chukua kitambaa cheupe, kilowe maji, sugua mahali padogo. Kikitoka chekundu, rangi yako ni ya kujiyeyusha: ina shaba ndani, inaliwa na maji polepole ili shaba mpya itokee juu, na shaba hiyo ndiyo inayowafukuza wadudu. Kila unaposugua kwa nguvu unatupa kinga uliyoinunua, kwa hiyo ishie kwenye sifongo au kipande cha zulia kuukuu. Kitambaa kikitoka safi, una rangi ngumu, na hiyo inavumilia brashi ya nailoni. Brashi ya waya, stilwuli na skrepa ya chuma hazina kazi kwenye rangi ya aina yoyote.

Gamba lililokomaa lisukume kwa skrepa ya plastiki au kabari ya mti iliyochongwa, pembe zake zimepigwa msasa zisikune. Ilaze karibu sambamba na boti, uingie ubavuni mwa gamba. Usilipige kutoka juu. Likiondoka litaacha duara jeupe, na hapo ndipo watu wanapoharibu kazi, maana wanakazana na duara mpaka wanafika kwenye faiba. Liache. Litaondoka kwa msasa wa maji siku ya kupaka upya. Kama una mashine ya kurushia maji, tumia mdomo wa kutawanya, simama kama sentimita 30, maji yaende kwa mshazari, na usigande mahali pamoja. Vaeni glavu nene. Mkato wa gamba unachelewa kupona, na wengi wanaudharau.

Wazee wa majahazi wana dawa yao, moto wa makuti chini ya chombo kisha shahamu na chokaa. Kwa mbao ni elimu kubwa, inaua na mdudu anayetoboa. Kwenye faiba usisogeze hata njiti ya kiberiti.

Yale mabaka usiyaache mpaka mwakani, kwa sababu magamba yataanzia hapo. Osha kwa maji yasiyo ya chumvi, pasibaki chumvi, kausha, piga msasa wa maji. Usipige msasa mkavu, vumbi la rangi hii ni sumu, na kama boti ni ya zamani huenda tabaka za chini zina ile rangi yenye sumu ya madini ya bati (tin) iliyopigwa marufuku duniani mwaka 2008. Tandika turubai, kusanya unachokwangua, kisibaki pwani wanapookota watu chaza. Kwenye weupe wa faiba anza na praima ya epoksi, yaani rangi ya kwanza ya kushikisha, ndipo rangi nyekundu mikono 2, na mstari wa maji uongeze wa tatu. Praima na rangi ziwe zinazopatana, soma kopo, na muda kati ya mkono na mkono ufuate ulioandikwa hapo.

Ukiwa bado chini, jicho la mashine ya kutafutia samaki lifute kwa kitambaa tu. Tundu la maji ya injini lichokoe kwa kijiti. Vile vipande vya zinki karibu na panga la injini visafishe lakini usivipake rangi hata tone, kwa sababu vikifunikwa chumvi itaanza kula mguu wa injini badala yake.