Kikwata chako huenda si cha gundi

Pole sana dada. Unasema vikwata vya shambani kwako Isiolo umevichanja kwa panga, ukangoja mwezi mzima, na hata tone la gundi hukuliona. Kabla hujalaumu mvua, shika tawi moja uhesabu miiba.

Shida ni jina, maana kikwata huitwa vichaka viwili tofauti vya nyika. Kile cha gundi ya biashara, Acacia senegal, kina miiba mitatu mitatu kwenye kila kifundo: miwili imepinda kwenda juu, wa katikati umepinda kushuka kama ndoano. Maua yake ni marefu kama kimkia. Ukikuta miiba miwili miwili tu, na vijani vichache vilivyo vipana, hicho ni Acacia mellifera. Gundi ya kuuza hapo utangoja hadi uzeeke.

Lakini usiking'oe! Hilo “mellifera” ni Kilatini, maana yake chenye kuleta asali. Huchanua mapema, mara nyingi kabla ya mvua, wakati nyuki hawana pengine pa kwenda. Tundika mizinga. Mbuzi nao watakula majani, na matawi yake makavu ni ua ambao hata fisi huufikiria mara mbili.

Kama miiba ni mitatu, basi huenda panga ndilo lililoharibu. Ngoja kiangazi, chuna ukanda mwembamba wa gome bila kujeruhi mti wa ndani, kisha urudi baada ya wiki 3 hadi 6.