Muulize Mwalimu: Nianzie wapi, ramani au bajeti?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nimeitwa usaili wa mchujo wa Sekretarieti ya Ajira, nafasi ya ofisa mipango. Nakariri jiografia na uchumi usiku kucha, asubuhi sikumbuki kitu. Nifanyeje? (Msomaji, Singida)

Jibu: Marahaba mwanangu. Hizo takwimu ziweke pembeni kwanza. Chukua karatasi tupu, chora Tanzania kwa mkono: maziwa, Rufiji, Pangani, reli, bandari. Kisha jiulize kwa nini. Kwa nini Songea kule kusini mvua ni msimu mmoja, ilhali Tanga wana vuli na masika? Kwa sababu ukanda wa mvua hulifuata jua, na karibu na ikweta hupita mara mbili. Ukilielewa hilo, zao gani hulimwa wapi utaling'amua mwenyewe. Nilifundisha miaka mingi, na waliochora ndio waliokumbuka.

Uchumi uanzie sokoni. Dizeli ikipanda, nauli ya lori hupanda, na nyanya nazo hupanda. Ila bei ya nyanya peke yake si mfumuko wa bei, maana huo hupimwa kwa kapu zima la bidhaa na huduma. Hapo wengi hukosea, nami huumia nikiona. Fahamu pia kwamba tangu Januari 2024 Benki Kuu huongoza sera ya fedha kwa riba yake, na kwamba mwaka wa fedha huanza Julai 1. Hotuba ya bajeti isome yenyewe, usitegemee muhtasari wa WhatsApp.

Na usiku ulale, mwanangu.