Kava la duveti: nimepigwa mara mbili ndo nikajua pa kushika

Jamani leo naongelea kitu ambacho watu wanakichukulia poa sana, kava la duveti, ule mfuko wa kitambaa unaovalishwa duveti, yaani lile blanketi nene lililojazwa ndani. Mi nimekulia Dar, kulala kwetu ilikuwa shuka moja nyepesi na feni, na mwezi wa pili hata hiyo shuka unaipiga teke inaenda chini. Duveti nilikuwa naiona kwa watu wenye AC. Sasa 2019 mume wangu akapata uhamisho wa kwenda Njombe tukahama wote, na kama hujawahi kufika Njombe mwezi wa sita au wa saba nikwambie tu kule ni juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, ukungu unashuka mpaka mlangoni na maji ya bomba asubuhi yanauma meno. Wiki ya kwanza tulilala na makoti.

Duveti tukapata, ya kawaida tu, nzuri. Shida ikaja kwenye kava. Nilishuka Dar kwenye msiba nikapitia Kariakoo, nikaona seti imening'inizwa, mawaridi mekundu makubwa yamechorwa kama yanataka kutoka kwenye kitambaa, nikapenda hapo hapo. Muuzaji ananiambia dada angu hii pamba tupu, orijino, gusa mwenyewe. Nikagusa. Laini kama sikio la paka. Nikatoa 55,000 nikaondoka natembea kwa madaha.

Kumbe ule ulaini ndo mtego wenyewe. Usiku wa kwanza tu kava linateleza, duveti inahamia upande wa baba watoto, mi nabaki nimejifunika kava tupu. Alafu saa nane usiku naamka mgongo umelowa jasho, kwenye baridi ya Njombe!, nikijifunua baridi inanikuta na jasho langu, nikijifunika natoka jasho tena. Nikadhani naumwa. Baadae ndo nikaja kuelewa ile ilikuwa poliesta, kitambaa cha nyuzi za plastiki, na poliesta hainywi maji, haibebi unyevu hata asilimia 1 ya uzito wake wakati pamba inabeba kama asilimia 8 na bado ukiishika inaonekana kavu. Sasa mwili unatoa jasho usiku kucha hata kwenye baridi, likikosa pa kwenda linabaki kwako. Miezi mitatu haijaisha kava limeota vipunje vipunje kama mgongo wa kenge, hasa ile sehemu ya juu ambayo ndevu za mwenzangu zinasugua.

Ya pili nikasema sasa sidanganyiki, nataka pamba. Na kweli ilikuwa pamba, nilinunua mjini kule kule Njombe, kitambaa kizito kimekakamaa hivi, nikajua hili ndo la kudumu. Nikalifua. We! Maji yametoka meupe kama ya kuoshea mchele, na kava lililobaki kwenye beseni lilikuwa jepesi kama neti ya mbu. Walikuwa wamelitia wanga ule wa kukazia vitambaa. Alafu likapungua, lilikuwa sentimeta 220 kwa urefu likawa 209, nilipima na tepu, duveti ikajikunja huko ndani kama mtoto aliyenuna. Ndo ikawa basi, nikaanza kuuliza watu wanaojua vitambaa badala ya kuwauliza wanaouza.

Cha kwanza nilichojifunza, usiguse kwa kupapasa, gusa kwa kusugua. Chukua kona ya kava uisugue kwa nguvu kati ya viganja viwili kama unafua, ikidondosha unga mweupe au ikalegea ghafla pale uliposugua, ni wanga huo, weka chini ondoka. Alafu lifungue ulinyanyue kwenye mwanga, mlangoni, sio chini ya taa za dukani. Unataka kuona nyuzi zimekaa sawa sawa, mwanga unapita kidogo na unapita kwa usawa. Ukiona sehemu nzito na sehemu nyepesi kama mawingu, hapo penye wepesi ndo patakapochanika. Rangi nazo, chukua leso nyeupe uilowanishe kidogo na usugue kitambaa, leso ikitoka na rangi basi na shuka zako zitatoka na rangi hiyo hiyo.

Na kujua kama ni pamba kweli kuna ile ya kuchoma uzi. Chomoa uzi mmoja kwenye pindo la ndani, toka nje, uwashe kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi, harufu ya karatasi, inaacha majivu laini ukigusa yanapotea. Poliesta inayeyuka, inajikunja inakuwa kitufe kigumu cheusi, harufu ya plastiki. Mchanganyiko unafanya vyote viwili. Muuzaji akikukatalia kuwasha kiberiti usigombane nae, duka lake limejaa vitambaa ana haki ya kuogopa, we omba uzi uende nao nje.

Kuhusu zile namba kwenye pakiti, 800, 1000, 1500. Ile namba inatakiwa iwe idadi ya nyuzi za wima na za mlalo kwenye inchi moja ya mraba. Inchi ni kadogo jamani, nyuzi 1000 za pamba za kawaida haziwezi kuenea hapo, wanachofanya ni kuhesabu kila kijiuzi kilichosokotwa ndani ya uzi mmoja. Na kwenye hivi vitambaa vya poliesta laini ndo namba haina maana kabisa, ni pambo la pakiti. Pamba ya kati ya 200 na 400 iliyofumwa vizuri inakutosha maisha. Mi ningekuwa wewe ningeangalia ufumaji. Kuna ule wa uzi mmoja juu mmoja chini, ukishika unahisi ubaridi kidogo, haung'ai, ndo mgumu kuisha. Na kuna wa satini, uzi unaruka nyuzi kadhaa kabla haujazama, ndo maana unang'aa na unateleza vizuri kwenye ngozi, ila zile nyuzi zilizo juu juu zinakwaruzwa na kucha, na pete, na miguu iliyopasuka visigino (tujuane). Kama una visigino vyangu usinunue satini.

Sasa nakuja kwenye penyewe. Kava bora kuliko yote niliyowahi kulilalia halikutoka dukani, ni mashuka mawili ya mtumba nimepeleka kwa fundi. Cheka tu. Shuka la mtumba limeshafuliwa huko lilikotoka mara hata hamsini, kama lilikuwa la kupungua limeshapungua, kama ni kuchuja rangi limeshachuja, wanga wote umeisha siku nyingi, unachokiona mnadani ndicho utakachokuwa nacho nyumbani. Kitu kipya kinakupa ahadi, mtumba unakupa matokeo. Cha kuangalia ni katikati ya shuka, maana watu hulala katikati sio pembeni, nyanyua kwenye jua hapo katikati uone kama pameshakuwa pepesi, shuka nyingi za mahoteli huwa zimeisha hapo tu. Na usome lebo, hata kama sio kiingereza. Baumwolle ni pamba kwa Kijerumani, coton kwa Kifaransa, cotone Kiitaliano, katoen Kiholanzi, bomull Kiswidi, mi nimeziandika kwenye simu nikiwa mnadani naonekana msomi. Pembeni ya hapo kuna kijibeseni kimechorwa na namba ndani, 30, 40, 60, hiyo ni nyuzi joto za maji ya kufulia. Ukikuta pamba yenye 60 au 95 chukua bila kufikiria mara mbili, aliyetengeneza alijua litapigwa maji ya moto na halitalalamika.

Makava yenyewe ya mtumba pia yapo ila mengi ya Ujerumani utakuta ni sentimeta 135 kwa 200, madogo, na watu wanadhani ya watoto. Sio ya watoto. Wenzetu kule mke na mume kitanda kimoja ila kila mtu na duveti yake, mi nimeona ni akili sana, nusu ya ugomvi wa kwetu ungeisha. Na yale maforonya ya mraba makubwa ya 80 kwa 80 ambayo hayaingii mto wowote wa huku ndo yanakuja na hizo seti, fundi anayapunguza.

Basi nikapata mashuka mawili, moja la bluu bahari moja la mistari myembamba, kila moja 12,000. Duveti yetu ni 200 kwa 220, nimeipima mwenyewe maana dukani wanakwambia hii ya sita kwa sita wakati sita kwa sita ni kitanda, futi sita ni kama sentimeta 183, duveti lazima izidi ishuke pembeni kuficha na unene wa godoro. Fundi akakata 206 kwa 226, akaweka sentimeta tatu kila upande za kushonea. Ingekuwa kitambaa kipya cha pamba kutoka kwenye jora ningelifua kwanza kabla ya mkasi kugusa, au ningeongeza kama sentimeta 10.

Huyu fundi ni mzee wa makamo, mtaratibu, nilienda na zipu yangu mkononi akaiangalia akairudisha. "Mama, kifungo kikikatika unaweka kingine mwenyewe nyumbani. Zipu ikiharibika unanirudia mimi." Nikamwambia si ndo biashara yako hiyo, akacheka akaendelea kukata. Akaweka vifungo saba, na mdomo wa kava hakuuacha wazi upande wote, aliushona sentimeta 30 kutoka kila kona akaacha pale katikati tu, ndo maana duveti haitokezi hata ukigalagala vipi. Kingo alishona mara mbili, anashona kwanza nje, anageuza, anashona tena mpaka zile ncha za nyuzi zinafichwa humo ndani. Kava la dukani ligeuze uangalie hapo, kama kuna ovaloki, ule mshono wa kuzungushia ncha za kitambaa, ya mstari mmoja tu na uzi umelegea, mashine ya kufulia italifumua. Alafu kamba nne, kila kona ya ndani moja, na kwenye duveti tukashonea vitanzi vinne vya kufungia. Kazi yote 10,000. Hizo kamba ndo zimeleta amani nyumbani kwangu.

Kulivalisha nako watu wanateseka bure mpaka wanaingia wenyewe ndani ya kava. Geuza kava nje ndani, litandaze kitandani, duveti juu yake, funga kona, alafu anza kukunja vyote pamoja kama unakunja mkeka kutoka upande ulioshonwa kuja upande wa vifungo. Ukifika mwisho ushike mdomo wa kava uuvishe juu ya ule mkunjo, kulia na kushoto, kisha kunjua kurudi ulikotoka. Dakika tatu.

Kufua, geuza nje ndani, anika ukiwa umeligeuza hivyo hivyo maana jua linapausha, na jiki usiizoee, mi niliwahi kuloweka nalo shuka usiku kucha asubuhi nikalitoboa kwa kidole. Kwenye ukungu pamba inakauka kwa siku mbili kwahiyo uwe na makava mawili, na hapo nikiri poliesta inashinda, inakauka chapu, ndo maana kwa mtoto anayekojoa kitandani nimeweka mchanganyiko wa nusu kwa nusu wala sina noma. Na watu wa Dar, nyie chukueni kava la pamba mjifunike tupu bila duveti ndani, ni shuka la pande mbili hilo.

Langu lina miaka mitano sasa, limebadilishwa vifungo viwili. Nasema langu kwa mazoea tu, maana mwezi wa saba mama mkwe alikuja kutoka Morogoro tukampa chumba chetu, amelala nalo siku nne hajasema kitu. Siku ya kuondoka nikaingia kutandika nikakuta duveti iko uchi. Kupiga simu kuuliza, akaniambia mwanangu si una fundi.